UKOO WA MAMA: ULIKOANZIA NA ULIVYOENEA

Wasomaji wetu, mgeni akifika katika kijiji cha Wamwera, au cha Wayao, au cha Wamakua, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, akaulizwa, "Wewe ni wa ukoo gani?", desturi ya zamani humtaka ajibu kwa upande wa mama yake. Hataji ukoo wa baba yake kwanza. Hutaja wa mama, aliyeupata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na hivyo hivyo mpaka kumbukumbu za wazee zikome. Wamakua huuita ukoo huo nihimo. Mjomba ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake, na zamani mpwa ndiye aliyerithi cheo cha mjomba wala si mtoto wa kumzaa.

Makabila mengi ya Tanzania hufuata ukoo wa baba, na baadhi ya vijana wetu wakienda kusoma mikoa mingine hurudi wakiona haya kwa desturi hii. Wengine kinyume chake huitumia kugombana, wakisema, "Mtoto ni wa mama tu, baba ni mgeni." Kwa hiyo yafaa tutazame elimu ya sayansi inasema nini juu ya jambo hili, maana wataalamu wa siku hizi nao wamejifunza kuhesabu ukoo wa mama, na hesabu yao imefika mbali kuliko kumbukumbu ya mzee yeyote.

KITU ANACHORITHISHA MAMA PEKE YAKE

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Katikati ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini mna vinasaba, yaani maandishi ya urithi. Maandishi hayo yana herufi karibu bilioni 3. Nusu yake mtoto huipata kwa baba na nusu kwa mama. Hapo baba na mama wako sawa.

Lakini nje ya kiini, ndani ya seli hiyo hiyo, mna vitu vidogo viitwavyo mitokondria. Kazi yake ni kugeuza chakula tulacho kuwa nguvu ya mwili. Twaweza kuvifananisha na majiko ya seli: kiini ni chumba cha nyaraka, mitokondria ni jikoni. Seli moja yaweza kuwa na mamia ya mitokondria, hata maelfu. Mwaka 1963 wataalamu waliotazama kwa darubini za elektroni waligundua kwamba mitokondria nazo zina vinasaba vyake zenyewe. Mwaka 1981 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walimaliza kuvisoma vyote kwa mwanadamu, wakahesabu herufi 16,569.

Sasa tazameni ajabu yake. Yai la mama ni kubwa na limejaa mitokondria. Mbegu ya baba ni ndogo sana, na mitokondria chache ilizo nazo huharibiwa zikiisha kuingia katika yai. Kwa hiyo mitokondria za kila mtu, mwanamume na mwanamke, zimetoka kwa mama yake peke yake. Mwanamume anazo na zamfanyia kazi mpaka siku ya kufa, ila hawezi kuwapa watoto wake. Binti ndiye azipelekaye mbele.

Basi msomaji ataona kwamba njia ya mitokondria ni ile ile ya ukoo wa wazee wetu: mama, bibi mzaa mama, mama yake bibi, na kuendelea.

MAKOSA YA KUNAKILI

Huenda mtu akauliza: ikiwa mama humpa binti kitu kile kile alichopewa, mtaalamu atawezaje kutofautisha ukoo na ukoo? Jibu ni kwamba katika kunakili hutokea makosa.

Chukua mfano wa darasani. Mwalimu anampa Zainabu karatasi yenye maneno haya: "Korosho za Ruangwa zimefika ghalani salama." Zainabu anakili sawasawa, kisha anawapa Somoe na Halima wanakili kwake. Somoe anaandika vizuri. Halima anasahau herufi moja, anaandika "salam." Kila atakayenakili kwa Halima ataandika "salam," na kila atakayenakili kwa Somoe ataandika "salama." Baadaye mmoja wa wanafunzi walionakili kwa Halima anaandika "koroso." Jioni mwalimu akikusanya karatasi zote arobaini, hata kama hakuwapo darasani, aweza kuchora mti mzima: nani alinakili kwa nani, kosa gani lilitangulia na lipi lilifuata. Karatasi yenye "koroso" na "salam" pamoja imetoka kwa mtu wa ukoo wa Halima.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wataalamu. Huchukua mate au damu ya watu, husoma herufi za mitokondria, kisha hulinganisha. Watu wenye badiliko lile lile wamelirithi kwa mama mmoja wa kale. Tena, kwa kuwa mabadiliko hutokea polepole kwa kadiri inayoweza kukisiwa, wingi wake huwaonyesha wamepita miaka mingapi tangu matawi mawili yaachane. Hesabu hii si ya saa ya ukutani. Hutoa makadirio, si siku na mwezi.

MAMA WA WOTE

Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nao ni Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, walitangaza matokeo ya kulinganisha mitokondria za watu 147 wenye asili za sehemu mbalimbali za dunia. Mti walioupata ulikuwa na matawi makubwa mawili. Moja lilikuwa la Waafrika watupu. La pili lilikuwa na Waafrika na watu wengine wote wa dunia pamoja. Maana yake ni kwamba shina la mti lilikuwa Afrika. Walikadiria kwamba mama wa wote aliishi yapata miaka 200,000 iliyopita. Uchunguzi uliofuata umekaza jambo hilo la Afrika, na miaka hutajwa kati ya 150,000 na 200,000.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Watu walimwita mama huyo "Hawa," na wengine wakadhani alikuwa mwanamke wa pekee duniani. Sivyo. Wakati wake walikuwako wanawake wengine wengi, na sisi tumerithi vinasaba vya kiini kutoka kwa baadhi yao. Lakini koo zao za mama zimekatika. Ukoo wa mama hukatikaje? Mwanamke akizaa wana wa kiume watupu, au asipozaa, mitokondria zake hukoma hapo. Wazee wetu walilijua jambo hili bila darubini: nyumba isiyopata binti, ukoo wake umefika mwisho, hata kama ina wana kumi wenye nguvu. Kwa vizazi maelfu nyumba moja baada ya nyingine ilikoma, mpaka ikabaki njia ya mmoja.

Tanzania ina nafasi ya heshima katika elimu hii. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliowahusu Wasandawe, Waburunge, Wanyaturu na Wadatoga, watu wa sehemu za kati na kaskazini ya nchi yetu. Zilionekana kwao koo za mama za kale sana, nyingi na mbalimbali. Mahali penye koo nyingi za kale ni kama kijiji chenye miembe mikubwa: hujulikana kwamba watu wamekaa hapo siku nyingi.

UKOO WA L3 NA SAFARI ZAKE

Wataalamu wamezipa koo hizi majina ya herufi. Walianza kwa kuwapa watu wa asili wa Marekani herufi A, B, C na D, na Afrika ikaangukiwa na L. Sasa koo kubwa za Afrika huitwa L0, L1, L2 na kuendelea hata L6. Namba hizo si vyeo. L0 si duni wala L6 si bora.

Kwa somo letu tuufuate ukoo mmoja tu, L3, kwa sababu safari zake zinatugusa.

Safari ya kwanza. Mama wa L3 anakadiriwa kuishi yapata miaka 70,000 iliyopita, na dalili zaonyesha kwamba alikuwa huku Afrika ya Mashariki. Baada ya miaka yapata elfu kumi hivi, wazao wake wachache waliondoka Afrika wakaingia Asia. Kutoka kwao zilitokea koo mbili kubwa, M na N. Watu wote wenye asili ya nje ya Afrika ni wa koo hizo mbili au matawi yake: Mzungu wa London, Mhindi, Mchina, mwenyeji wa Australia, na watu wa asili wa Marekani pia. Koo zao zote ni mabinti na wajukuu wa L3. Kwa hesabu ya mama, Mzungu na mtu wa Nachingwea aliye wa L3 ni watu wa nihimo moja, na L3 huyo ni karibu zaidi na huyo Mzungu kuliko alivyo na jirani yake aliye wa L0.

Safari ya pili. Wazao wengine wa L3 hawakutoka Afrika. Baadhi walibaki mashariki, wengine wakaelekea katikati na magharibi ya bara. Huko Afrika ya Kati ulitokea ukoo uitwao L3e.

Safari ya tatu ndiyo iliyoturudishia ukoo huu. Miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, karibu na mpaka wa Nigeria na Cameroon wa leo, waliishi wakulima waliosema lugha iliyozaa lugha zote za Kibantu. Walianza kuenea polepole, kijiji baada ya kijiji, mashariki na kusini. Yapata miaka 2,500 iliyopita walikuwa wamefika nchi za Maziwa Makuu. Na baada ya hapo, yapata miaka 2,000 hivi iliyopita, walifika pwani ya mashariki. Walikuja na majembe, vyungu na mbegu, na walikuja na wake zao na binti zao. Ushahidi wa lugha tunao vinywani mwetu: Mswahili husema mtu, Myao mundu, Mmakonde munu, Mmakua mutthu. Ushahidi wa vyungu umo ardhini. Na ushahidi wa mitokondria umo katika miili. Uchunguzi uliofanywa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ukachapishwa mwaka 2001 na 2002, uliwakuta watu wengi wa L3e, pamoja na L2a na L0a. Ruvuma haukuwa ukuta. Wamakua na Wamakonde wengi wa upande wetu hueleza asili yao huko ng'ambo.

Mpendwa msomaji, angalia: ukoo uliozaliwa mashariki ulikwenda magharibi, ukakaa huko makumi ya maelfu ya miaka, kisha wajukuu wakarudi mashariki wakiwa wakulima wageni. Nani basi mwenyeji, nani mgeni?

Safari ya nne ilikuwa ya minyororo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi hizi zetu mpaka Kilwa Kivinje. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari mwaka 1873, na misafara ya bara mwaka 1876. Kutoka bandari za Msumbiji wengine walivushwa hata Brazil. Majina yao yalipotea, lugha zao zilisahauliwa, lakini mitokondria hazikusahau. Leo wako wanawake wa Brazil wasiojua jina la bibi yao wa Afrika, na bado koo zao za mama ni L3e na nyingine za upande huu wa bara.

MIFUPA YA KILWA

Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi mwingine uliohusu mkoa wetu wenyewe wa Lindi. Wataalamu, akiwamo Profesa Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, walisoma vinasaba katika mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walikuwa wa miji ya kale ya pwani, nayo ni Manda, Faza na Mtwapa huko Kenya, na Kilwa na Songo Mnara hapa kwetu.

Hadithi ya Kilwa husimulia kwamba Mshirazi alikuja kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa nguo, akaoa binti wa mwenye nchi. Wako waliosema hadithi hiyo ni ya kujitukuza tu. Wako pia waliosema miji ile ilijengwa na wageni, Waafrika wakawa watumishi tu. Mifupa imejibu pande zote mbili. Wengi wa watu wale walikuwa na vinasaba vya Afrika na vya Asia pamoja, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Sehemu kubwa ya asili yao ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Lakini mitokondria zao, karibu zote, ni za koo za L. Akina baba wengi walikuja na jahazi. Akina mama walikuwa wenyeji. Na lugha waliyosema watoto wale ilikuwa lugha ya mama zao, Kiswahili, chenye mizizi ya Kibantu.

JE, UKOO WA WAZEE NA UKOO WA MITOKONDRIA NI KITU KIMOJA?

Hufuata njia moja, lakini si kitu kimoja. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri.

Kwanza, ukoo wa wazee ni mapatano ya watu. Wakati wa misafara wanawake wengi walitekwa au walikimbilia kwa watu wengine. Katika nchi za Wayao na jirani zao, mwanamke wa namna hiyo aliingizwa katika jamaa ya mkubwa wake, na watoto wake wakahesabiwa humo. Mitokondria zake zilikuwa za kwao, jina la ukoo likawa la huku. Mjukuu wake leo ni mtu kamili wa ukoo huo, na hakuna kipimo cha maabara kiwezacho kumvua jina alilopewa na waliomlea.

Pili, desturi zetu huandikwa katika vinasaba. Zamani mwanamume wa huku alihamia kwa wazazi wa mke wake, akalima kwao; mwanamke alibaki. Uchunguzi wa makabila ya milimani kaskazini ya Thailand, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba penye desturi ya namna hii mitokondria za kijiji kimoja hufanana sana, kwa kuwa wanawake hawaondoki. Penye desturi ya mke kuhamia kwa mume, huwa kinyume.

Tatu, mitokondria ni uzi mmoja tu katika kamba nene. Rudi nyuma vizazi kumi, uhesabu wazee wako: wawili, wanne, wanane, mpaka ufike 1,024. Mitokondria zako zimetoka kwa mmoja tu kati yao. Wale 1,023 waliobaki nao ni wazee wako. Basi asemaye kwamba baba ni mgeni hana msaada wa sayansi. Na amdharauye mjomba na ukoo wa mama kwamba ni mambo ya kishenzi, naye hana.

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Wazazi watatusamehe tukiongeza maneno mawili. Kwa kuwa watoto ni wa upande wa mama, pengine ugonjwa wa mtoto nao hulaumiwa mama. Yako magonjwa machache ya mitokondria ambayo kweli hupita kwa mama. Lakini sikoseli, inayowasumbua watoto wengi wa Tanzania, si mojawapo: mtoto hupata ugonjwa huo kwa kurithi chembe yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, wote wawili. Na mwanamke anayezaa wasichana watupu asilaumiwe, kwa maana mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto wa kiume au wa kike.

Nachingwea yetu imepokea watu wengi. Mradi wa karanga wa mwaka 1947 hata 1951 ulileta wafanyakazi toka kila upande. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO waliweka kambi yao hapa. Watoto wa watu hao wote wamesoma pamoja katika madarasa yetu. Pengine husikika uwanjani mwanafunzi akiambiwa, "Wewe si wa hapa." Mwenye kusema hivyo afuate ukoo wa mama yake nyuma hatua chache zaidi ya anazozijua, ataona kwamba naye alikuja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mwanamume ana mitokondria lakini hawezi kuwarithisha watoto wake?

2. Bibi ana binti wawili na wana watatu. Kila mmoja ana watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume. Ni wajukuu wangapi wenye mitokondria za bibi huyo? Ni wangapi kati yao wawezao kuzipeleka mbele?

3. Chora safari nne za ukoo wa L3 katika ramani ya dunia. Weka alama pale penye Mto Ruvuma.

4. Eleza kwa nini mifupa ya Kilwa haisemi kwamba wajenzi wa mji walikuwa wageni watupu.

5. Kazi ya likizo: Uliza nyumbani jina la mama yako, la mama yake, la bibi yake, na uendelee. Andika majina yote pamoja na kijiji alichozaliwa kila mmoja. Wengi wetu hukwama jina la nne au la tano. Waulizeni wazee mapema, maana maabara yaweza kuonyesha njia waliyopita akina bibi zetu, lakini majina yao wanayajua wazee peke yao.